Shajara ya mradi: kuhesabu marejeo ya spektroskopia, kutoka HITRAN hadi mazuku

Bukavu, 4/3/2024

Leo CT wangu (chef de travaux, mwalimu wa chuo anayenisimamia) amekubali mada. Nitakusanya makala za spektroskopia na za usafiri wa mnururisho zilizochapishwa tangu mwaka 1961, nione watafiti wameelekea wapi, na makala zipi zinarejelewa na wenzao. Kwa asiye wa fani: mwanga ukipita kwenye hewa, moshi au wingu, sehemu yake humezwa, sehemu hutawanyika, sehemu hutolewa upya. Spektroskopia inasoma kila gesi inameza mwanga upi. Usafiri wa mnururisho unaufuata mwanga huo njia nzima, tangu unapotoka hadi unapoingia kwenye chombo cha kupimia.

Mwaka 1961 nimeuchagua kwa sababu ndipo lilipoanza jarida ambalo kila mtu wa fani hii amewahi kulipitia, Journal of Quantitative Spectroscopy and Radiative Transfer. Jina ni refu, wenyewe huandika JQSRT. Mwanzilishi wake, Stanford Penner, alikuwa mtu wa moto na injini. Yako majarida makongwe zaidi: Spectrochimica Acta ilianza 1939 kule Vatikani, kwenye kituo cha elimu ya nyota, chini ya Mjesuiti Alois Gatterer. Hayo nitayaingiza pia, ila mgongo wa kazi ni JQSRT.

Nyumbani wameniuliza haya yananihusu nini. Nyiragongo na Nyamulagira, huko upande wa pili wa ziwa Kivu, ni miongoni mwa volkano zinazotoa salfa dioksaidi nyingi kuliko zote duniani, na gesi hiyo hupimwa kwa mwanga. Chini ya ziwa lenyewe zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Kila anayezipima gesi hizi amesimama juu ya makala za watu wengine. Nataka kuzijua, na nataka kujua kama za kwetu zimo.

9/3/2024

Chanzo cha data kimepatikana. Web of Science na Scopus, hifadhidata kubwa za marejeo, ni za kulipia, na bei yake haifanani na bajeti yetu. OpenAlex ni ya bure tangu ilipofunguliwa Januari 2022, na jina lake limetokana na ile maktaba ya kale ya Alexandria. Unatuma ombi, unarudishiwa orodha ya makala pamoja na waandishi, taasisi na marejeo.

Mambo ya kiufundi niyaandike mapema nisije nikayasahau. Ukurasa mmoja hauzidi rekodi 200. Ukifungua kurasa kwa njia ya kawaida, unazuiwa ukifika rekodi ya 10,000. Kuendelea kunahitaji kishale, yaani kila ukurasa unakupa ufunguo wa ukurasa unaofuata. Halafu usiombe kila kitu. Rekodi nzima ni nzito na mega zinakwisha. Mimi naomba safu saba tu. Muhtasari wa makala huja umekatwakatwa, kila neno na namba ya mahali pake, kwa sababu ya haki za wachapishaji. Kuuunga tena si kazi ngumu, ila unakula mega, kwa hiyo nimeuacha.

Napakua usiku, forfe ya usiku (kifurushi cha intaneti) ikiwa nafuu.

17/3/2024

Kosa kubwa, na nililibeba siku tatu bila kujua. Usiku wa tarehe 13 umeme ulikatika skripti ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi nikaiwasha tena, nikaenda kulala. Ilianza upya kutoka ukurasa wa kwanza na kubandika rekodi juu ya zile za mwanzo. Leo nilipopanga makala kuanzia yenye marejeo mengi, nikaona kileleni HITRAN2016, makala ya hifadhidata moja ya gesi, na chini yake HITRAN2016 tena. Nikapapasa chini zaidi: pacha, pacha, pacha.

Nimefuta kwa kutumia DOI, ile namba ambayo kila makala hupewa moja yake. Skripti sasa inaandika kishale kwenye faili ndogo kila inapomaliza ukurasa, kwa hiyo umeme ukienda, inaendelea ilipoachia. Lakini makala za miaka ya 60 na 70 hazina DOI zote, na hizo nimezikagua kwa macho, kichwa kwa kichwa. Macho bado yananiuma.

2/4/2024

Leo nimekaa na HITRAN siku nzima, kwa sababu bila kuielewa hesabu zote za fani hii zinakudanganya.

HITRAN ni hifadhidata ya mistari ya gesi, yaani zile sehemu nyembamba za mwanga ambazo kila gesi humeza. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 60 katika maabara ya Jeshi la Anga la Marekani huko Massachusetts. Jeshi lilitaka kujua mwanga usioonekana, ule wa joto, unapitaje hewani. Orodha ya kwanza ilitolewa 1973. Leo inatunzwa katika kituo cha elimu ya nyota cha Harvard na Smithsonian. Kila mstari una mahali pake kwenye spektra, nguvu yake, upana wake hewa inapoukandamiza, na namba nyingine kadhaa. Toleo la 2008 lilikuwa na molekuli 42, la 2012 likawa na 47, la 2016 likawa na 49, la 2020 likafika 55. Kila molekuli ina namba yake ya kudumu. Mvuke wa maji ni 1. Kaboni dioksaidi ni 2, methani ni 6, salfa dioksaidi ni 9. Nilipoziona hizo tatu nilifurahi peke yangu mezani: gesi za ziwa letu na za milima yetu zote zimo kwenye kumi za mwanzo.

Sasa hesabu. Kila toleo hutangazwa kwa makala moja, na makala hiyo hurejelewa mara maelfu, kwa kuwa kila anayetumia data anaitaja. Kipimo cha athari cha jarida, ambacho asili yake ni wazo la Eugene Garfield la mwaka 1955, huchukua marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kisha hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Makala ya HITRAN2012 ilitoka kwenye JQSRT mwaka 2013, kwa hiyo inaingia kwenye kipimo cha 2014 na cha 2015, kisha inatoka. HITRAN2016 ilichapishwa 2017, inabeba 2018 na 2019. Miaka ya katikati, jarida linabaki na makala zake za kawaida. Mtu anayetazama kipimo kikipanda na kushuka anaweza kudhani wahariri wamezembea au wamejitahidi, kumbe ni msimu wa HITRAN umeingia au umetoka.

Nimemwandikia CT mfano wa kubuni. Makala 10: tisa zimerejelewa mara 2 kila moja, ya kumi mara 982. Jumla 1,000, wastani 100. Hakuna hata makala moja kati ya hizo 10 inayokaribia 100. Ukizipanga na kuchukua namba ya katikati, unapata 2, na 2 ndiyo hali halisi ya makala nyingi mle. Kuanzia leo kila jedwali langu lina namba ya katikati, na makala za hifadhidata zimetengwa kwenye faili yake.

Kuna jambo limenikaa moyoni zaidi. Mistari ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kila mmoja kuna mtu aliupima maabara, gesi ikiwa kwenye mrija, kipimajoto pembeni, siku nyingi. Au kuna mtu aliukokotoa. Watunzaji wa HITRAN wenyewe wanasisitiza kwamba waliopima mwanzo watajwe, na tovuti yao hukupa orodha ya makala asilia pamoja na data unayochukua. Hata hivyo wengi hurejelea hifadhidata peke yake, na jina la aliyeshika mrija linapotea kwenye hesabu.

17/4/2024

Jana limetolewa tamko la Barcelona kuhusu uwazi wa taarifa za utafiti: taasisi zilizosaini zinaahidi kwamba data za marejeo na za machapisho ziwe wazi kwa wote. Chuo cha Sorbonne, Paris, kilikwisha kuachana na Web of Science na kugeukia OpenAlex. CT alikuwa na shaka na chanzo changu kwa sababu ni cha bure, nimempelekea habari hizi mbili, amenyamaza kidogo, kisha akasema, “Sawa, endelea, ila nionyeshe makosa yake.” Ombi la haki kabisa.

28/4/2024

Nimesahihishwa. Wiki iliyopita nilimwambia CT kwamba fani inashuka, kwani mstari wa marejeo unaporomoka kuanzia makala za 2019. Aliutazama mchoro, akauliza, “Makala ya mwaka 2023 imepata muda gani wa kusomwa?” Nikaona aibu. Mhindi uliopandwa wiki iliyopita huwezi kuulinganisha na ule unaokaribia kuvunwa.

Dawa yake ni kuipa kila makala dirisha lile lile: marejeo ya miaka mitano ya kwanza tangu kuchapishwa, basi. OpenAlex inatoa mgawanyo wa marejeo kwa mwaka, lakini kwa miaka kumi ya karibuni tu. Kwa makala za zamani inabidi nivute orodha ya makala zilizozirejelea, nisome mwaka wa kila moja. Mega nyingine. Makala zilizotoka baada ya 2018 hazitaingia kwenye ulinganisho huu kabisa, ila kwenye hesabu ya idadi zitabaki.

11/5/2024

Mwelekeo wa mada umeanza kuonekana. Nimeacha programu za kuchora ramani za maneno kwa muda, nasoma vichwa vya makala muongo kwa muongo, na inanifundisha zaidi.

Miongo ya mwanzo ni gesi za moto, plazma, angahewa za nyota. Kisha angahewa yetu wenyewe inachukua nafasi, na setilaiti zinapandisha dau. Setilaiti ya Kijapani GOSAT ilirushwa 2009, ya Kimarekani OCO-2 mwaka 2014, zote zikitafuta kaboni dioksaidi. Tofauti inayotafutwa ni kama sehemu 1 katika 400, kwa hiyo kosa dogo kwenye umbo la mstari linaharibu kila kitu. Ndiyo maana makala nyingi sana zinabishana kuhusu umbo: lile la zamani la Voigt halikutosha, na mwaka 2014 IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, likapendekeza la Hartmann na Tran. Msomaji wa nje ataona ni ubishi wa wataalamu juu ya kitu kisichoonekana. Mimi naona ndipo sayansi hii inapojiheshimu.

Kundi lingine ni la chembe: vumbi, masizi, matone, jinsi vinavyotawanya mwanga. Hapo jina la Michael Mishchenko limetanda kila mahali. Alifanya kazi NASA, New York, akawa pia mhariri wa JQSRT, akafariki 2020. Na kundi jipya ni la sayari za nyota nyingine. Ile ya kwanza kugunduliwa kwenye nyota inayofanana na jua letu ilitangazwa 1995. Kufikia 2012 kulikuwa na mradi wa ExoMol, London, unaokokotoa mistari ya molekuli kwa joto ambalo hakuna maabara inayolimudu kwa urahisi.

(Penner alihamia chuo cha California huko San Diego mwaka 1964. Jorge Hirsch ni wa chuo hicho hicho; ndiye aliyebuni mwaka 2005 kile kipimo cha h, yaani mtafiti ana makala h zilizorejelewa angalau mara h kila moja. Sijui niliweke wapi hili, nimelipenda tu.)

22/5/2024

Leo imetimia miaka mitatu tangu Nyiragongo ilipuke usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Nimefanya kazi ya volkano peke yake.

Neno la utafutaji lililonipa matokeo safi kuliko yote ni letu: mazuku. Kila mtu wa pande za Goma na Sake analijua. Ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kujikusanya kwenye mabonde na mashimo; mbuzi huingia kula majani asitoke, na watoto wamekufa humo. Wanasayansi wa volkano wamelichukua neno lilivyo na kuliandika kwenye makala za Kiingereza na Kifaransa. Vyombo vingi vya kupimia mazuku hutumia mwanga wa joto wa mikromita 4.26, mahali ambapo molekuli namba 2 ya HITRAN inameza kwa nguvu. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto asishuke bondeni asubuhi, na mtu wa maabara anayetaka tarakimu nyingine baada ya nukta, wanashughulika na kitu kimoja.

Kuhusu salfa dioksaidi, njia kuu ni DOAS, iliyoendelezwa na Ulrich Platt na wenzake Ujerumani tangu miaka ya 70. Chombo kinatazama mwanga wa anga uliotawanyika, kinapitisha macho yake kwenye moshi wa volkano kutoka upeo hadi upeo, na kuangalia mwanga wa urujuanimno umepungua wapi. Mwaka 2005 ulianza NOVAC, mtandao wa vyombo vya kupimia gesi za volkano, na Nyiragongo ikawa mojawapo ya volkano zake. Usafiri wa mnururisho unaingia hapa moja kwa moja: moshi ukiwa mbali, mwanga ambao haukupita kabisa kwenye moshi unajichanganya na ule uliopita, na gesi inaonekana ni chache kuliko ilivyo.

Makala hizi nyingi hazimo kwenye JQSRT. Zimo kwenye majarida ya volkano na ya vipimo vya angahewa. Ningefuata jarida moja tu, milima yetu ingebaki nje ya mradi wangu mwenyewe. Nimepanua wigo.

15/6/2024

Nimekwenda Kadutu kumwona mzee mmoja aliyekuwa akitunza vyombo vya kupimia gesi upande wa Goma. Sasa anakaa kwa binti yake. Nilimwamkia, tukala ugali na sambaza, ndipo akaniletea daftari.

Ni daftari la shule, jalada la bluu limefifia, pembe zimeliwa na unyevu. Kila ukurasa una safu alizochora kwa rula: tarehe, saa, volti za betri, hali ya anga, kazi iliyofanyika. Volti 12.4. Volti 12.1. Siku ya mvua, 11.3, na pembeni kwa mkono wake: “paneli imejaa majivu, nimeosha.” Mstari mwingine: “kioo kimefanya ukungu, nimefuta, data ya jana isitumike.” Alinionyesha kwenye kidole gumba alama ya asidi.

“Papa, haya wenye makala waliyapata?” nikauliza.

“Niliwasomea kwa simu kila juma, mwanangu. Waliyatumia. Isitumike maana yake isitumike.”

Jina lake nimelitafuta usiku huu kwenye rekodi zote nilizonazo. Halimo kati ya waandishi. Inawezekana limo kwenye shukrani mwishoni mwa makala, lakini shukrani hazihesabiwi na OpenAlex, wala na hifadhidata yoyote ya marejeo niijuayo. Nimeomba ruhusa ya kupiga picha daftari lote. Amekubali kwa sharti nimrudishie nakala iliyochapwa kwenye karatasi, si kwenye simu.

30/6/2024

Vipimo vipya vya athari vya majarida vimetoka, kama kila mwezi wa 6. Tangu mwaka jana vinaandikwa kwa tarakimu moja tu baada ya nukta, badala ya tatu. Hatua nzuri. Zile tarakimu tatu zilikuwa zinawapanga majarida kana kwamba kuna mizani ya dhahabu mahali fulani.

14/7/2024

Majina. Hapa ndipo makosa ya OpenAlex ambayo CT aliyataka yapo kwa wingi, na yanatuumiza sisi kuliko wengine.

Mkongomani ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na mpangilio hubadilika kufuatana na karatasi. Chukua mtu anayejulikana na wote hapa Bukavu, Daktari Denis Mukwege Mukengere. Anaweza kuandikwa Mukwege D., au Mukwege D. M., au Mukengere Mukwege D. Yeye ni mashuhuri, mtu atamtambua. Mtafiti wetu wa kawaida mwenye makala tano anakatwa vipande vitatu, kila kipande na makala moja au mbili, na kipimo chake cha h kinaporomoka bila yeye kupunguza kazi. ORCID, namba ya mtafiti iliyoanza 2012, ingetatua hili, lakini makala nyingi za kwetu zilizotangulia hazina.

Na taasisi vivyo hivyo. Kituo cha Lwiro, kilomita zisizofika 50 kutoka hapa, kilianzishwa 1947 kwa jina la IRSAC, na leo kinaitwa CRSN. Majina mawili, kazi ya kituo kimoja. Ripoti zake nyingi za zamani ni za Kifaransa na hazina DOI. Kwa mashine ni kama hazikuandikwa.

Nimeanza kuunganisha kwa mkono. Kwa kila jina naangalia taasisi, waandishi wenza, na mada. Nikiwa na shaka siunganishi, naweka alama ya njano. Kazi inakwenda polepole sana na sitaki kuiharakisha, kwa sababu kumpa mtu makala isiyo yake ni kosa lile lile la kumnyima iliyo yake.

3/8/2024

Nimempelekea CT faili nne. Ya kwanza ni idadi ya makala kwa mwaka. Ya pili ni marejeo ya miaka mitano ya kwanza, kwa namba ya katikati, hifadhidata zikiwa zimetengwa. Ya tatu ni makala za gesi za Kivu pamoja na majina yaliyounganishwa mpaka sasa. Ya nne haikuwemo kwenye mpango: ni safu za daftari la mzee, nimezinakili tarehe kwa tarehe, na pembeni nimeweka DOI za makala zilizotumia vipimo vya kipindi hicho hicho.

CT ameuliza faili ya nne inapima nini. Nimemjibu kwamba haipimi athari. Inaonyesha siku ambazo kipimo kiliwezekana, na nani alikiwezesha. Amesema tuiweke kama kiambatisho, nami nimeomba iwe sura. Bado hajajibu.

Nakala ya karatasi nimeichapa leo mchana pale Nyawera, kurasa 64, na kuishona kwa uzi kwa sababu pini zingeshika kutu. Kesho baada ya misa nampelekea. Alama za njano zilizobaki nitazirudia Jumatatu, nikianza na makala za 2005.